Ziara ya Delhi, Agra na Jaipur na mwongoza watalii: hatua kwa hatua ili uone majengo, sio maduka

Watu wengi wa kwetu wanaenda India kwa matibabu, wanakaa Delhi wiki tatu mpaka mwezi, alafu wanarudi nyumbani hawajaiona hata Taj Mahal wakati ni masaa matatu au manne tu kwa gari. Mi nilimpeleka mama kutolewa mtoto wa jicho, baada ya wiki tatu daktari akasema yuko vizuri, avae miwani ya jua asijichoshe, arudi kuonwa mara ya mwisho baada ya siku sita, basi hizo siku tukachukua ziara ya siku nne, gari, dereva na mwongozaji, Delhi, Agra, Jaipur. Naandika kwa sababu majengo ya kule ni mazuri kuliko picha zote ulizowahi kuona, ila ziara nyingi zimepangwa hivi, jengo mnakimbizwa, dukani mnakalishwa na chai mnaletewa. Inatakiwa iwe kinyume, na inawezekana kabisa ukijipanga kabla hujalipa.

Hatua ya 1: makaratasi

Viza inaombwa mtandaoni, inaitwa e-visa, na tovuti ya kweli ya serikali ya India inaishia na gov.in. Ziko nyingine zimetengenezwa zifanane nayo zinakutoza mara mbili au tatu, kwa hiyo soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kuweka kadi ya benki. Mgonjwa, anayemsindikiza mgonjwa na mtalii kila mmoja ana viza ya aina yake, usichanganye.

Kadi ya njano usiiache. India wako makali sana kwa homa ya manjano, ukitokea Kenya, Uganda au Kongo bila cheti wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, na chanjo inahesabika baada ya siku 10, sio ile uliyochomwa jana. Hata kama unatokea Tanzania ibebe, hasa kama ndege yako inapitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa. Weka pamoja na pasi, sio kwenye begi kubwa.

Hatua ya 2: tarehe na siku za wiki

Oktoba mpaka Machi ndio wakati wake. Mei na Juni joto linapita nyuzi 40 na ukuta wa jiwe unachoma kama kikaango, Julai mpaka Septemba ni mvua. Ila hata ndani ya ile miezi mizuri kuna mtego, Novemba Delhi ina moshi mzito wa kukereketa koo, Disemba na Januari asubuhi Agra inafunikwa na ukungu mpaka unasimama bustanini na Taj Mahal huioni. Ukiwa na uhuru wa kuchagua nenda Februari.

Siku za wiki ndo watu wanakosea kabisa. Taj Mahal IJUMAA IMEFUNGWA kwa watalii, wanaingia wanaokwenda kuswali tu. Red Fort ya Delhi inafungwa Jumatatu. Ile treni ya haraka Gatimaan Express toka Delhi kwenda Agra, inayotumia kama saa moja na dakika arobaini, nayo Ijumaa haitembei. Kwa hiyo chukua kalenda kwanza ndipo uongee na wakala, usimwachie yeye apange.

Hatua ya 3: kukubaliana na wakala, hapa usione haya

Andika kwa WhatsApp ili kuwe na ushahidi. Andika jina la kila jengo unalotaka kuingia na masaa mtakayokaa. Andika pia kama tiketi zimo kwenye bei au hazimo, manake bei ya mgeni ni tofauti na ya Mhindi na tofauti yake ni kubwa, Taj Mahal sisi tulilipa rupia 1,100 kila mtu na rupia 200 juu yake za kuingia ndani ya kaburi lenyewe, Qutub Minar na kaburi la Humayun ilikuwa kama 600. Mtoto chini ya miaka 15 haya majengo makubwa ya serikali anaingia bure, lakini wakala anaweza kukutoza tu, uliza.

Alafu mwongozaji. Wenye leseni wana kitambulisho cha Wizara ya Utalii ya India, wanakivaa shingoni, mwambie wakala akutumie picha yake kabla. Ukifika getini utazungukwa na watu wanaosema mi ni mwongozaji wa serikali, wewe uliza kitambulisho, asiyekuwa nacho ataondoka mwenyewe.

Mwisho andika sentensi moja iliyonyooka: hatutaki kupelekwa dukani isipokuwa tukiomba wenyewe. Sisi hatukuiandika, na siku ya Agra dereva alitupeleka kiwanda cha marumaru, tukakaa karibu masaa mawili tunaoneshwa meza ambazo hata nyumba ya kuziweka hatuna, tulipofika kaburi la Itimad-ud-Daulah geti limeshafungwa. Lile kaburi malkia Nur Jahan aliwajengea baba yake na mama yake kati ya 1622 na 1628, la marumaru tupu kabla ya Taj Mahal, na nilikuwa nalitaka kuliko vyote. Inaniuma mpaka leo. Dereva na mwongozaji wanapewa kamisheni kwa kila unachonunua, ndo maisha yao sawa, ila mwambie mapema kwamba bakshishi yake utampa vizuri mkiona kila kilichoandikwa, utaona anavyobadilika.

Hatua ya 4: mkobani

Viatu vya kuvua haraka na soksi nene, kuna sehemu nyingi unavua viatu na jiwe la mchana ni moto. Mtandio kwa wanawake, kanzu au suruali ndefu kwa wanaume kama mtaingia msikitini. Miwani ya jua sio urembo, marumaru nyeupe ikipigwa na jua inaumiza macho kwelikweli. Tishu. Rupia ndogondogo za 10, 20, 50, kwa sababu Wahindi wenyewe siku hizi wanalipa kwa simu hata muuza karanga na wewe mgeni utakosa chenji.

Taj Mahal usibebe chakula, sigara, kiberiti, kisu wala stendi ya kamera, vitatolewa pale kwenye ukaguzi, na foleni ya wanawake na wanaume ziko mbali mbali kwa hiyo mkubaliane mtakutana wapi. Chakula usiogope, biriani, sambusa, chapati, achari, yote unayajua, pilipili tu ndo uombe ipunguzwe. Maji ya chupa iliyofungwa. Bajaji ziko kila kona, kule wanaziita auto.

Hatua ya 5: Delhi, siku nzima, majengo matatu basi

Wakala ataorodhesha saba. Kataa. Chukua Qutub Minar asubuhi, Humayun mchana, India Gate jioni, Red Fort kama una siku ya pili.

Qutub Minar ni mnara wa kama mita 73, ulianza kujengwa mwisho wa karne ya 12 na Qutb-ud-din Aibak na kuendelezwa na mkwe wake Iltutmish. Kupanda hairuhusiwi toka 1981, watu 45 walikufa ndani kwenye ngazi walipokanyagana gizani, kwa hiyo mtu akikuambia atakupandisha kwa hela anakudanganya. Wengi wanapiga picha ya mnara wanaondoka, wewe mwambie mwongozaji akupeleke kwenye nguzo za msikiti ulio pembeni. Zimetolewa kwenye mahekalu 27 ya Kihindu na Kijaini, ukisogea karibu unaona kengele zilizochongwa na minyororo yake, na sehemu nyingine sura za watu zilizofutwa nyuso. Uwanjani katikati kuna nguzo ya chuma ya zaidi ya miaka 1,500, ina zaidi ya tani 6, imenyeshewa na mvua karne zote hizo na haijaliwa na kutu. Imezungushiwa uzio huwezi kuigusa, ila isogelee uone rangi yake.

Humayun nenda KABLA ya Taj Mahal, hili nasisitiza, manake ndio mama wa ile. Humayun mwenyewe, mfalme wa ukoo wa Mughal uliotawala India, alikufa 1556 kwa kuanguka kwenye ngazi za maktaba yake, inasimuliwa alisikia adhana akataka kupiga magoti akakanyaga joho lake. Mjane wake Bega Begum ndio aliyesimamia kaburi lijengwe, bustani imegawanywa mara nne na mifereji ya maji, jengo katikati juu ya jukwaa, kuba kubwa juu. Ukishaliona hili, siku ya Agra utaelewa mjukuu wa mtoto wake, Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, alichukua nini na akaongeza nini. Waliolikarabati ni taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ndo hao hao ambao watu wa Dar, Nairobi na Mombasa tunawajua kwa hospitali.

India Gate sio ya kale, ilizinduliwa 1931, na wakala atakuambia mtaipita tu kwa gari. Shuka. Sisi ni watu wa Tanga na niliomba tushuke kwa makusudi. Lango lina mita 42, mwilini limechongwa majina ya askari zaidi ya elfu 13, na juu kabisa yameandikwa maeneo walikofia askari wa Kihindi wa vita kuu ya kwanza, Ufaransa, Mesopotamia, Uajemi, na katikati ya hayo imeandikwa Afrika Mashariki. Novemba 1914 waliletwa kwa meli toka India wakashushwa Tanga kupigana na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck, wakashindwa vibaya, na nyuki wakawavamia porini, kisa ambacho wazee wetu wanakisimulia mpaka leo. Mama alisoma ile Afrika Mashariki akasema, hawa ndo wale wa nyuki, akanyanyua mikono akawaombea dua. Mwongozaji wetu kijana wa Delhi hakuwa anakijua kisa cha nyuki, ikabidi sisi tumsimulie yeye.

Hatua ya 6: Agra, hapa ndo tumia muda

Laleni Agra usiku uliotangulia. Ziara ya kwenda na kurudi siku moja toka Delhi usichukue, unafika saa nne au tano asubuhi pamoja na mabasi yote ya nchi. Taj inafunguliwa nusu saa kabla jua halijachomoza, uwe getini muda huo. Magari hayafiki karibu, unaachia maegesho alafu unapanda vigari vya umeme. Tiketi yako ina masaa 3 tu toka unaingia, kwa hiyo chai na choo malizeni kabla.

Sasa sikiliza. Mwongozaji atakuvuta uingie lile lango kubwa jekundu haraka uwahi picha. Simama nje kwanza, tazama maandishi meusi yaliyolizunguka. Yanaanza chini kulia, yanapanda, yanavuka juu, yanashuka kushoto, ni Suratul Fajri yote. Mwandishi wake Amanat Khan alikuza herufi za juu kidogo kidogo ili wewe uliye chini uzione zote sawa. Mama alivua miwani, akaanza kusoma kwa sauti ndogo, jicho ambalo mwezi mmoja nyuma halikuweza kusoma hata msahafu wa herufi kubwa, likafuata mstari mpaka kule juu na kurudi chini, akafika yaa ayyatuhan nafsul mutmainna, ambayo sisi wote tunaijua kwa misiba, akamaliza wadkhuli jannati, ingia Peponi kwangu, na hapo hapo aya inapoishia ndo mlango unapokupitisha kwenye bustani. Imepangwa hivyo. Usipojua unapita chini yake kama unapita chini ya geti la stendi.

Ndani fuata mpangilio huu. Kwanza usiende katikati, nenda pembeni kulia kwenye miti, watu wote wako kwenye kile kiti cha picha. Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan, alifariki 1631 akijifungua mtoto wa 14, mwaka uliofuata Shah Jahan akaanza ujenzi, marumaru ikaletwa toka Makrana, mbali zaidi ya kilomita 300. Tazama minara minne, imeinama kidogo kwa nje, mwongozaji wetu alisema ni ili tetemeko likija isiangukie kaburi. Kushoto ni msikiti, kulia kuna jengo linalofanana nao kila kitu ila halielekei kibla, kazi yake ni kusawazisha tu, na wanaliita jawab. Jawabu! Neno letu kabisa, msikiti umeuliza na lile limejibu.

Ukipanda jukwaani vaa vile vifuniko vya viatu unavyopewa na tiketi. Picha ndani haziruhusiwi, heshimu. Karibu na mlango chagua ua moja tu kati ya yale yaliyopachikwa ukutani, liangalie dakika tano. Sio rangi ile, ni mawe yaliyokatwa vipande vyembamba kama ukucha, petali moja ina vipande kadhaa vya rangi zinazopishana kidogo, vimezamishwa kwenye marumaru. Pitisha kidole, maungio husikii. Mlinzi mmoja alituwekea tochi juu ya jiwe jekundu la ua, likawaka kama kaa la moto, na marumaru yenyewe pembeni ikapitisha mwanga kama maziwa.

Makaburi utakayoyaona ndani ni ya juu tu, wenyewe wamelazwa chini yake na huko hapafunguliwi, isipokuwa siku tatu za urs ya Shah Jahan, yaani kumbukumbu ya kifo chake, mwezi wa Rajabu na siku hizo kiingilio ni bure. La Mumtaz liko katikati kabisa, la mumewe limeongezwa pembeni, na ndo kitu pekee mle ndani kilichovunja ule usawa. Kuna mwongozaji atakuambia mafundi walikatwa mikono wasijenge nyingine, hilo halina ushahidi wowote.

Toka hapo nenda Agra Fort, wakati wa mchana panavumilika kuna vivuli. Ngome hii ya mawe mekundu aliijenga mfalme Akbar, mtoto wa Humayun, kuanzia 1565. Vibao vitakuambia Diwan-i-Am na Diwan-i-Khas, na we Mswahili huhitaji mkalimani, neno diwani unalijua na neno hasa unalijua, barazani pa watu wote na barazani pa watu mahsusi. Omba kupelekwa Musamman Burj, chumba cha marumaru chenye pembe nane juu ya mto Yamuna. Shah Jahan alifungwa kwenye ngome hii na mtoto wake Aurangzeb toka 1658 mpaka alipofariki 1666, miaka minane, na toka pale Taj Mahal inaonekana ng'ambo ya kona ya mto, ndogo, inatoshea kwenye kiganja. Tuliona asubuhi kwa karibu ndo maana ile ya mbali ikatugusa, kwa hiyo mpangilio usiugeuze.

Jioni kama miguu bado, Mehtab Bagh, bustani iliyo upande wa pili wa mto, unaiona Taj kwa nyuma bila umati.

Hatua ya 7: njiani kwenda Jaipur

Fatehpur Sikri iko kama kilomita 40 toka Agra na ni njia hiyo hiyo, madereva wanairuka, sisitiza. Mji mzima wa Akbar, alijenga toka 1571 akauhama 1585, majumba yamebaki. Ingia kwa lango kubwa la Buland Darwaza, ngazi ni nyingi na zimesimama, mzee apitishwe geti la pembeni. Hapa vijana wa kukuuzia chadari na maua ya kuweka kwenye kaburi la walii lililo mle ndani ni wengi na ving'ang'anizi, sema hapana mara moja endelea kutembea.

Hatua ya 8: Jaipur

Hawa Mahal, kasri ya 1799 yenye madirisha 953, uzuri wake wote uko nje barabarani, ipige picha asubuhi jua likiwa usoni pake, kuingia ni kwa nyuma. Amer Fort nenda mapema kwa gari la jeep, tembo waache wapumzike. Ndani kuna Sheesh Mahal, chumba cha vioo vidogo vidogo, simama chini yake upepese mkono uone unavyorudi mara elfu.

Ila mahali ambapo mama hakutaka kuondoka ni Jantar Mantar, na ziara nyingi zinapapa dakika ishirini. Ni uwanja wa vyombo vya kupimia jua na nyota vilivyojengwa kwa mawe na Jai Singh wa Pili, huyo aliyeanzisha mji 1727. Kikubwa kina mita 27, ni saa ya jua, na kivuli chake kinatembea kama milimita 1 kila sekunde. Chukua mwongozaji wa pale pale, bila maelezo utaona ngazi zinazoelekea hewani tu. Mama aliweka kidole pale kivuli kilipoishia, akahesabu, kivuli kikakipita kidole mbele ya macho yake. Akauliza wanaanza kuhesabu saa lini, nikamwambia mama wao kama sisi wameifuata jua, akasema basi hii ndo saa ya kweli.

Hatua ya 9: sasa dukani, mkitaka

Mwisho wa ziara, sio mwanzo. Vito usinunue kabisa kama hujui vito, na mtu akikuambia mbebee mzigo wa vito ukauze kwenu upate faida, ondoka hapo, ni utapeli wa zamani sana Agra na Jaipur. Marumaru ipime kwa tochi ya simu, ya kweli inapitisha mwanga, na ukucha hauikwaruzi, ile laini inayokwaruzika kwa ukucha ni jiwe la sabuni. Bei anza na theluthi.

Uwanja wa ndege wa Delhi huingii ndani ya jengo bila tiketi na pasi mkononi kwa hiyo chapisha au hifadhi kwenye simu yenye chaji. Na ulichonunua cha marumaru usikitie kwenye begi la mizigo, kinafika vipande. Mama sahani yake ndogo yenye ua moja aliifunga kwenye mtandio akaipakata mpaka Dar.